Faili Moja kwa Ofisi Mbili

Mwalimu alikuwa akinipigia simu kwa sababu ya majina. Nataka niandike hilo kwanza, kabla sijaanza kujipamba, maana nikiiacha kalamu iende yenyewe itaandika kwamba alinipigia kwa sababu tulikuwa marafiki, na sina hakika kama hilo ni kweli. Yeye alikuwa ofisi ya Homa Bay, mimi ofisi ya Migori. Kila ofisi ilikuwa na kompyuta moja, na kila kompyuta ilikuwa na faili yake ya majina. Majina yangu hayakufanana na yake. Skripti iliyoandikwa kwake ikiletwa kwangu ilikwama, yangu ikifika kwake ilikwama vilevile, kwa hiyo alipiga simu kuniuliza kitu fulani mimi nimekiitaje. Siku nyingine asubuhi tu, siku nyingine asubuhi mpaka jioni. Ukiondoa simu hizo, na wapimaji wa samaki wanaoingia ofisini na kutoka, zilikuwepo siku nyingi ambazo sikuongea na mtu jambo lolote lenye urefu.

Kazi yetu ni kukodisha baridi. Tuna kontena zenye paneli za sola juu, na wauza samaki huweka kreti zao ndani, mbuta na ngege, ili wasilazimike kuuza zote siku hiyohiyo kwa bei ya kutupa. Kila kontena ina kifaa cha kupima joto kinachotuma namba kwenye kompyuta ya ofisi. Na kwenye kompyuta kuna programu ambayo sisi tuliiita mwendeshaji. Kazi yake ni kuendesha skripti, moja baada ya nyingine: hii inasoma joto, hii inatuma meseji kwa mlinzi joto likipanda, hii inatengeneza ripoti ya asubuhi. Skripti yenyewe haijui namba ya mlinzi wala haijui kontena ni ipi. Imeandikiwa jina tu. Kabla ya kuianzisha, mwendeshaji anafungua faili ya majina na kusoma: jina upande wa kushoto, alama ya sawasawa katikati, thamani upande wa kulia. Fundi aliyekuja kutufungia kompyuta aliyaita vigezo vya mazingira. Alisema ni kama hewa ya chumba, skripti inaingia na kuikuta imo. Mimi niliyaita majina, ikabaki hivyo.

Fundi huyo alitupa sheria chache. Herufi kubwa. Jina lisiwe na nafasi, weka mstari wa chini. Lisianze na tarakimu. Zaidi ya hapo, alisema, iteni mnavyotaka.

Sikusoma sana. Niliishia darasa la nane, na miaka mingi baadaye nikafanya kozi ya kompyuta kwenye saiba moja hapa mjini, kozi fupi ya kujifunza kuandika na kuhifadhi. Nilikuwa mpimaji wa samaki. Nilipewa kompyuta kwa sababu ndiye niliyekuwepo siku ilipoletwa. Kama kulikuwa na sababu nyingine hakuna aliyeniambia. Nasema hivi ili mtu asome yanayofuata akijua kwamba huenda nimeelewa vibaya mahali.

Kontena zetu hazikuja zikiwa mpya. Zilikuwa zimekaa sehemu nyingine kwanza, zikaonekana hazina kazi ya kutosha huko, zikapakiwa kwenye lori. Siku zilipofika nilisimama na dereva nikimuuliza kila moja imetoka wapi, vile watu huuliza habari za bibi harusi. Hii ya Magunga. Hii ya Rangwe. Hii ya Kendu Bay, nikaiangalia hiyo mara mbili. Nikaingia ndani nikaandika NYAR_MAGUNGA, NYAR_RANGWE, NYAR_KENDU. Nyar ni binti wa mahali. Kwetu Wajaluo mwanamke akiolewa haitwi jina lake, anaitwa binti wa kwao. Mimi nilizaliwa Kendu Bay nikaolewa huku, na tangu siku hiyo nikawa nyar Kendu. Mama mkwe aliniita hivyo, mashemeji, wake wenzangu wa boma lile, hata watoto wa jirani. Kwa hiyo nilipoandika vile sikuwa nafanya mzaha. Kitu kimekuja kwako kutoka mahali, unakiita kwa mahali hapo.

Mwalimu aliandika kwa njia nyingine. Alikuwa amefundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, na nyumbani kwake ni upande wa Rangwe, na alikuwa mtu wa kupenda kitu kikae kwenye mstari wake. Yeye aliita kontena kwa pale iliposimama: HOMABAY_GATI, HOMABAY_SOKO, KENDU_UFUONI. Na kwa sababu ripoti yake ilikuwa inasoma na za kwetu pia, zangu alizipa majina ya kwake: MIGORI_SOKO_1, MIGORI_SOKO_2, na kuendelea. Nimefikiria sana ni nani aliyekuwa na haki. Kontena ikihamishwa, jina alilolipa mwalimu linakuwa uongo na itabidi mtu apite skripti zote akilibadilisha. Jina langu halibadiliki, maana kontena haiwezi kutoka mara ya pili mahali ilikotoka. Hapo nilimshinda. Lakini mtu akisoma jina lake anajua aende wapi, na akisoma langu anajua tu historia. Hapo alinishinda mimi, na nadhani hapo ndipo kazi ilipo.

Simu ya kwanza aliyonipigia haikuhusu kontena. Alikuwa anataka meseji za joto zimfikie jioni akiwa nyumbani, kwa hiyo aliandika kwenye faili yake jina HOME, na mbele yake namba ya simu ya nyumbani Rangwe. Kompyuta ikagoma kila kitu. Sasa, kompyuta ina majina yake yenyewe iliyojipa kabla sisi hatujafika, na hilo la HOME ni mojawapo, ndilo linaloiambia mafaili ya mtumiaji yako wapi. Skripti zote zikawa zinatafuta mafaili yao ndani ya namba ya simu. Nilijua kwa sababu tu fundi alinionya, si kwa akili yangu, na ningefanya hivyohivyo kama asingenionya.

"Lifute hilo, mwalimu," nilimwambia. "Andika SIMU_RANGWE."

Nikamsikia akibonyeza taratibu, kidole kimoja. Halafu akacheka.

"Kumbe hapa nyumbani pana mwenyewe. Na wewe ni nani huko Migori unajua mambo haya?"

"Mimi ni mpimaji wa samaki tu. Ni mtu wa Kendu Bay."

"Basi, nyar Kendu," akasema, "nitakusumbua tena."

Aliyesikia hivyo leo hawezi kujua ni kitu gani. Mume wangu alifariki, mama mkwe akamfuata, mashemeji wawili wakahamia mjini mbali, na mimi nikatoka bomani nikapanga chumba karibu na kazi. Migori mjini ni watu wa kila aina, Wajaluo, Wakuria, Waluhya, Wasomali, na kila mtu anaongea Kiswahili ili asimkwaze mwenzake. Hapa mimi ni mama wa kompyuta. Wengine huniita madam. Ni majina ya heshima, siyalalamikii. Binti yangu yuko Nairobi, hunitumia sauti kwenye simu siku za Jumapili, na yeye bila shaka huniita mama. Lakini kuitwa nyar Kendu kulikuwa kumekwisha, na sikuwa nimegundua kwamba kumekwisha mpaka nilipolisikia jina hilo kwenye simu kutoka kwa mtu ambaye sijawahi kumwona uso.

Alinisumbua tena, kweli.

"Nyar Kendu, umeamkaje?"

"Nimeamka, mwalimu. Nani amekataa leo?"

"Huyu wa ripoti. Anataka kitu kinaitwa NAMBA_ASKARI. Kwani huko kwenu mnalindwa na jeshi?"

"Ni mlinzi tu."

"Mimi nimeandika SIMU_MLINZI. Askari ni cheo."

"Ungemwona huyu wetu, ungempa cheo."

"Ni mkubwa?"

"Ni mwembamba. Lakini ana koti."

Hivyo ndivyo tulivyoongea. Hatukuongea mambo mazito. Aliwahi kuniambia mvua imepiga mahindi yake, na mimi niliwahi kumwambia goti langu linauma ngazi za ofisi. Halafu tunarudi kwa jina lililokwama. Ni lazima turudi, kwa sababu jina likikosekana mwendeshaji hapigi kelele. Anaweka utupu mahali pale na kuendelea. Kuna wakati meseji za joto zilikuwa zikitumwa vizuri kabisa kwenye namba isiyokuwepo, na ripoti ikasema zimetumwa, na kila mtu akafurahi.

Sasa kosa lenyewe.

Bosi wetu anakaa Nairobi. Ni mdogo kwangu kwa umri, ana adabu, na si mtu wa huku. Jumapili moja nilikuwa kanisani na simu nimeizima. Kontena moja ya Migori ikapandisha joto, na skripti ikafanya kama ilivyoandikwa: mlinzi asipojibu, mtumie bosi. Mlinzi hakujibu. Bosi akapata meseji inayosema NYAR_MAGUNGA JOTO LIMEPANDA. Akaona Magunga, akampigia fundi wa baridi aende Magunga upesi.

Mtu wa kwetu hawezi kukosea hivyo. Hakuna mwanamke anayeitwa nyar Magunga akiwa Magunga. Kule yeye ni mtoto wa nyumbani, ana jina lake. Ukisikia mtu anaitwa nyar Magunga, jua yuko popote isipokuwa Magunga. Lakini bosi angejuaje? Na fundi wa baridi ni Mkuria wa upande wa mpakani, alikuwa mgeni kazini, na aliambiwa Magunga akaenda Magunga. Alipanda pikipiki asubuhi hapa Migori, umbali wa kutupa jiwe kutoka kwa kontena yenyewe, akaenda zake Suba kusini mpaka karibu na mbuga ya Ruma.

Nilipowasha simu baada ya ibada, yeye ndiye wa kwanza.

"Mama wa kompyuta, niko Magunga. Hii kontena iko wapi?"

"Iko hapa nyuma ya soko."

"Soko gani?"

"La Migori."



"Migori hii nimetoka saa hii?"

"Ndiyo hiyo."

"Haya. Kwa sababu nimeuliza watu wa hapa wamenionyesha saruji. Wanasema ilikaa hapo ikaondoka. Sasa imelaliwa na ng'ombe." Akapumua. "Si ungeiita tu Migori, mama?"

Hakusema kwa hasira, na labda ndiyo maana nimelikumbuka. Nilikwenda mwenyewe nikafungua kontena. Ilikuwa ni swichi tu. Kreti za mama mmoja wa mbuta zilikuwa zimeanza kulainika, akazitoa na kuwauzia wakaangaji siku hiyohiyo. Alinung'unika lakini hakunitukana, na kama angenitukana angekuwa na haki. Nimejaribu kugawa lawama sawasawa. Jina halikuwa la uongo. Bosi alisoma kilichoandikwa. Mlinzi alikuwa amelala, ila alikuwa amekesha. Mimi nilikuwa nimezima simu, lakini mahali pa kuizima. Kila nikigawa, kinabaki kipande, na kipande hicho ni kwamba niliandika jina la kusomwa na watu wanaonijua.

Bosi alitupigia wote wawili kwa pamoja. Hakugomba. Alisema anataka faili moja kwa ofisi mbili, majina yale yale, na yawe majina ambayo mtu asiyewahi kufika huku akiyasoma anaelewa. "Mama, wewe ndiye utaishika hiyo faili," akasema. "Kaeni na mwalimu mkubaliane, halafu unitumie." Mwalimu akasema sawa. Nikasema sawa.

Nilielewa palepale, kabla sijakata simu. Majina yakiwa mamoja, skripti haitakwama. Skripti isipokwama, mwalimu hana cha kuniuliza.

Siku zilizofuata nilijifanya nina kazi nyingi. Nilisafisha kibodi kwa kitambaa. Nilipanga upya waya nyuma ya meza. Mwalimu alipiga kama kawaida kuuliza jina moja la ripoti, nikamjibu, na wala hakuna kati yetu aliyetaja ile faili. Jioni nilipokuwa nikichambua omena, wale dagaa wa ziwani, kwenye sinia, niliwaza njia za kuikwepa bila kudanganya. Ningeweza kufanya polepole, jina moja kwa wiki, na kusema natafuta usahihi. Ningeweza kuandika majina yote mawili kwenye faili moja, langu na lake, yaelekee kwenye thamani ileile. Skripti zake zingepita na zangu zingepita. Nilifurahia hiyo kwa muda. Halafu nikaona kwamba mtu mgeni angekuta kila kontena ina majina mawili na asijue ni moja, na Jumapili nyingine fundi angetumwa kwa saruji nyingine. Na hata hivyo simu zingeisha vilevile. Njia pekee ya kuziweka simu ilikuwa kuacha kitu kibovu makusudi.

Sijui kama ni uaminifu ulionizuia au ni woga wa kugunduliwa. Nimejiuliza. Nadhani ni vyote viwili, na sitaki kujipa sifa ya kimoja.

Siku niliyompigia, ni mimi niliyepiga. Hilo peke yake lilimshangaza.

"Kuna nini?" akasema. "Nani amekufa?"

"Hakuna. Ni faili, mwalimu. Tuimalize."

Akaniambia nisubiri afunge mlango, maana wauza samaki wa kwake walikuwa wanabishana mlangoni juu ya kreti. Akarudi. Nilifungua faili yangu, yeye akafungua yake, tukaanza juu kushuka chini. Nilikuwa nimeshaamua kwamba kontena zichukue majina yake. Nikamwambia. Na yeye, bila mimi kutarajia, akakataa.

"Hapana, nyar Kendu. Nimefikiria. Ya kwako ndiyo sawa. Hizi vitu zinahama. Kesho wakiipeleka hii ya gatini Mbita, mimi nitakuwa nimeandika nini?"

"Utabadilisha."

"Kwa skripti zote?"

"Nitabadilisha mimi. Si nimepewa kushika?"

"Mimi naona unanipendelea kwa sababu ya lile jambo la Magunga."

"Sikupendelei. Jina lako linamwambia mtu aende wapi. Langu linamwambia alikotoka. Mtu akiwa na samaki inayoharibika haulizi ilikotoka."

"Sasa unafundisha mwalimu."

"Nakubali darasa langu lilikuwa la nane."

Akacheka, na tukabishana hivyo kwa kila kontena, yeye akitetea majina yangu na mimi nikitetea yake, na nilimshinda kwa zote isipokuwa moja. Ile ya Kendu Bay aliyoiita KENDU_UFUONI tulikuta imesogezwa na ziwa lilipopanda, haipo ufuoni tena, kwa hiyo ikawa KENDU_SOKO. Wakati huo nilikuwa nimeshafuta NYAR_KENDU kwenye faili yangu na kuweka MIGORI_SOKO_3. Nilifuta mwenyewe, herufi moja moja, kwa sababu ndivyo ninavyofuta.

Tukaja kwa simu za watu. NAMBA_ASKARI ikafa, SIMU_MLINZI ikabaki. Paswadi tukaziita kwa kazi zake. Kila jina likikubalika nilikuwa naliandika kwenye karatasi pia, kwa vile siamini stima ya hapa. Yalikuwa mazungumzo marefu kuliko yote tuliyowahi kuwa nayo. Hakukuwa na jina tulilokubaliana ambalo halikuondoa simu moja ya kesho, na nilikuwa najua hivyo tangu la kwanza, na sauti yangu ikawa inatoka ya kawaida tu.

Lilibaki moja. Ni la saa ambayo ripoti ya asubuhi inatoka. Mimi niliita SAA_RIPOTI, yeye aliita RIPOTI_SAA. Hakuna kitu hapo. Ni kugeuza tu.

"Hilo tuliache," akasema.

"Tuliache vipi?"

"Liache hivyo. Wewe baki na lako, mimi na langu. Likinikwama nitakupigia."

Nilishika simu. Nje, wapimaji walikuwa wanacheka jambo lao na mtu akaburuta kreti juu ya sementi.

Sijui alimaanisha nini. Nimeligeuza neno hilo kila upande. Huenda alikuwa amechoka, tulikuwa tumekaa kwenye simu muda mrefu na sikio lake limepata moto kama langu. Huenda lilikuwa neno la kufunga mazungumzo, vile watu husema tutaonana. Huenda alikuwa amehesabu kama nilivyohesabu mimi, na akanifungulia mlango mdogo, kwa adabu, ili nisiaibike kuuomba. Alisema kwa sauti ileile ya kuulizia ripoti. Kama angeongeza neno moja tu ningejua.

Ripoti hiyo ndiyo wauza samaki wanayoingojea wakiamua kutoa kreti au kuacha. Jina likikosekana, mwendeshaji anaweka utupu, na ripoti haitoki, na hakuna anayeambiwa.

"Hapana, mwalimu," nikasema. "Tumalize. Tuchukue lako, RIPOTI_SAA."

"Sawa," akasema. "Si neno."

"Au tuchukue langu?"

"La. Umesema langu. Andika."

Nikaandika. Akaniambia siku njema. Nikaituma faili kwa bosi mchana huo, na bosi akajibu kwa maneno mazuri, akasema imekaa vizuri hata yeye anaelewa. Nilimwonyesha fundi wa baridi pia. Alisoma orodha yote, akafika mwisho, akasema, "Sasa hii hata mimi siwezi kupotea." Nilifurahi kwa ajili yake.

Asubuhi iliyofuata nilifungua kompyuta, mwendeshaji akapitia skripti, zote zikapita. Simu ilikuwa mezani. Siku nyingine tena zikapita. Nilianza kugundua kwamba betri ya simu yangu inafika jioni ikiwa nusu. Zamani ilikuwa inaisha mchana. Nilifikiri simu imepona, maana ni ya zamani, halafu nikaelewa.

Nilijaribu kutafuta kitu cha kumuuliza. Nilipitia faili mara kadhaa, kwa unyofu kabisa, nikitafuta kosa, na kama ningelipata ningelirekebisha nikamwambia. Halikuwepo. Tulikuwa tumefanya kazi nzuri. Sijawahi kumpigia mtu mzima simu bila shughuli. Sijui watu huanzaje. Binti yangu anaposema, "Mama, nilikuwa nataka tu kukusikia," mimi humuuliza kama ana homa.

Mwishowe nilipiga. Ilikuwa alasiri, wapimaji wameshaondoka, nimeshafunga dirisha moja.

"Nyar Kendu," akasema. "Imekwama?"

"Haijakwama."

"Kwangu pia haijakwama."

"Nimeona."

Nikasikia kuku upande wake, na mtu akimwaga maji, na nikajua hayuko ofisini.

"Uko nyumbani?"

"Niko nyumbani. Siku hizi natoka mapema, unajua. Ripoti inatoka yenyewe, hakuna kinachonishika. Nafika Rangwe jua bado liko. Nimelima sukuma wiki huku nyuma, kidogo tu. Mama watoto anasema sasa ndiyo nimestaafu." Aliongea kwa furaha, na hakuwa akiificha. "Zamani nilikuwa nafika giza limeingia, kila siku, juu ya jina moja. Mungu akubariki na hiyo faili."

"Sukuma imeshika?"

"Imeshika. Mvua ikikubali."

"Ni vizuri."

"Na goti?"

"Liko."

Mtu akamwita kwa nyuma, sauti ya mwanamke, kwa Kijaluo, kwamba chai imemiminwa. Akaniambia anaitwa. Nikamwambia aende, chai isipoe. Akasema kama kuna kitu chochote nimpigie, wakati wowote, na najua alisema kweli, angepokea.

Kwa hiyo majina yangu yalikuwa yakimchelewesha mtu kwenda kwake. Hilo sikuwa nimeliweka kwenye hesabu. Nilipokuwa nikigawa lawama na faida niliweka samaki, nikaweka fundi, nikaweka bosi, nikaweka na mimi mwenyewe, lakini sikumweka mama wa Rangwe aliyekuwa akifunika chakula gizani kwa sababu mume wake yuko kwenye simu akiniuliza mlinzi nimemwitaje. Sasa nimemweka. Hesabu imekuja upande mmoja wote, na upande huo ni sahihi, na mimi nimekaa upande wa pili.

Niliweka simu kwenye mkoba. Nilikagua joto la kontena zote kwenye skrini, moja moja kwa majina yake mapya. Zote zilikuwa baridi vile inavyotakiwa. Nikafunga dirisha lililobaki, kisha mlango.